Unataka kulala karibu na Boma la Mikindani? Mwongozo kamili wa kuchagua lodge kabla hujatuma hela ya buking

Likizo ikikaribia swali ni lile lile, "jamani nakuja Mtwara na wife, nataka hoteli yenye mvuto, sio hizi za tailizi na makochi ya leza, iwe karibu na yale majengo ya kizamani ya Mikindani", na majibu yanayokuja ni majina matupu, nenda hii kali, nenda ile ina swimingi puli, mwisho wa siku mtu analala mjini Mtwara kwenye ghorofa linalofanana na la Morogoro au Dodoma, anakodi bajaji saa sita mchana, anapanda bomani jua likiwa utosini, picha mbili tatu, karudi zake mjini kula chipsi. Alafu anasema Mikindani ya kawaida tu.

Mi ushauri wangu uko hivi: kabla ya kuuliza hoteli gani, amua saa ngapi unataka kuwa Mikindani. Hapo ndo kila kitu kinapoanzia. Mji ule mchana kweupe unalala, joto limeukandamiza, watu wako ndani au chini ya miti. Uhai wake uko alfajiri na kuanzia alasiri kwenda usiku, na hizo saa hazipatikani kama kitanda chako kiko kilomita kumi huko. Ukishaamua saa, hoteli nyingi zinajitoa zenyewe kwenye listi bila hata kuangalia bei.

Hatua ya kwanza: ijue hiyo sehemu kwanza, ndo uchague pa kulala

Mikindani ni sehemu ya manispaa, ndo maana inaitwa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ila ni mji wenye maisha yake kabisa, umekaa kwenye ghuba iliyozungukwa na minazi na mibuyu, nyuma kuna kilima. Karne ya 19 ilikuwa bandari ya misafara, pembe za ndovu na watumwa wakitoka huko ndani upande wa Ziwa Nyasa. Livingstone alipita hapa mwaka 1866 akianza ile safari yake ya mwisho, na kuna nyumba ya kizamani yenye roshani inayoitwa kwa jina lake. Wajerumani walipokuja wakajenga boma mwaka 1895, jeupe, kuta nene, juu kidogo ya mji ili walione ghuba lote. Chini kuna jengo linaloitwa soko la watumwa, na vichochoro vyenye nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko, milango ya kuchonga, baadhi zimebaki kuta tu na mti umeota sebuleni.

Kwa nini vimebaki hivyo? Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 walianzisha mradi wao wa karanga huko Nachingwea, wakataka bandari ya kina kirefu, wakaijenga Mtwara, na biashara yote ikahamia huko. Mikindani ikaachwa. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kubomoa ajenge ghorofa. Hii nakwambia sio kwa ajili ya historia tu, ni kwa ajili ya kuchagua: hoteli kubwa, mabenki, supamaketi, vyote viko Mtwara mjini kwa sababu hiyo hiyo, na Mikindani utakuta sehemu za kulala chache, ndogo, zenye vyumba vya kuhesabika. Ukichelewa kubuku umekosa, hakuna ya pili ya pembeni ya kukimbilia.

Hatua ya pili: chagua saa yako

Wa alfajiri ni yule anayetaka kuona ngalawa na mitumbwi ikirudi, samaki wakipigiwa bei, wamama na ndoo. Huyu lazima alale Mikindani yenyewe tena chini karibu na maji, maana akilala mjini atatakiwa kuamka usiku wa manane na kumpigia simu bajaji ambaye ameshakwambia "nipo njiani" akiwa bado kitandani.

Wa jioni anataka jua likilegea, kuta za chokaa zikibadilika rangi, watoto wanacheza mpira, wazee barazani wanacheza bao. Huyu anaweza kulala Mikindani au hata mjini, ila akilala mjini apange usafiri wa kurudi mapema kabisa, usiku daladala zinapungua.

Wa usiku sasa, huyu anataka utulivu, nyota, sauti ya maji. Mikindani tu. Mjini kuna baa, na Shangani, ule upande wake wa ufukweni, wikiendi kuna muziki.

Kuna kitu kingine watu wanasahau, nacho ni maji ya bahari. Ghuba ya Mikindani maji yakitoka yanatoka kweli, inabaki tope na mikoko na mitumbwi imelala upande, yakijaa ni kioo. Picha zote za mtandaoni zimepigwa maji yamejaa, hakuna mwenye lodge atakupostia tope. Wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku pwani kwetu maji yanakuwa yametoka kabisa kwenye saa nne hivi asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi hivi jioni, alafu kila siku yanasogea mbele kama dakika hamsini. Kwa hiyo kama umelipia zaidi kwa ajili ya chumba cha kuangalia bahari na unataka kunywa chai ya asubuhi ukiangalia maji, usije siku ya bamvua. Njoo katikati, siku za maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Kama wewe ni wa jioni basi bamvua ndo siku yako. Angalia mwezi kabla ya kuangalia kalenda ya likizo, na hili ni bure kabisa.

Hatua ya tatu: eneo

Una maeneo matatu ya maana.

Mikindani yenyewe nimeshaisema. Faida yake ni kwamba kila kitu unatembea kwa miguu, boma, soko, nyumba ya Livingstone, misikiti, ufukwe, hata nusu saa hufikishi. Hasara ni kwamba hakuna mambo mengi, mgahawa wa kuchagua hamna, ATM usitegemee, ukitaka dawa usiku au hospitali kubwa unakwenda Ligula mjini.

Shangani ni upande wa ufukweni wa Mtwara mjini, nyumba za zamani za maafisa, miti mikubwa, hewa nzuri, na kuna sehemu za kulala zinazoangalia bahari. Kwa mtu mwenye watoto wadogo au mzee anayehitaji huduma karibu mi ningemwambia Shangani bila kusita, aende Mikindani jioni. Sio mji mkongwe ila sio boksi la tailizi pia.

Mjini katikati ni kwa mtu wa semina na wa korosho. Lodge zipo kibao, self, eisii, tivii, bei inaongeleka, na mvuto hamna. Nisiwe mchoyo, kitu kimoja kinaweza kukufanya ulale huko: kanisa katoliki la Mtakatifu Paulo pale Majengo, ndani kuta zimejaa michoro ya Biblia aliyochora Padri Polycarp Uehlein, Mbenediktini wa Kijerumani, miaka ya 1970. Watalii wengi hawalijui kabisa. Ila hata hilo unalipitia tu ukienda sokoni, sio la kuhamia.

Msimbati naiacha nje. Ufukwe ni mkali, uko ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya mto Ruvuma, lakini ni mbali na Mikindani, ni safari yake peke yake.

Hatua ya nne: ndani ya boma au chini ya boma?

Hapa ndo penye utamu na watu wengi hawapafikirii. Lile boma lenyewe lilikarabatiwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na shirika la hisani la Uingereza linaitwa Trade Aid, likageuzwa hoteli na sehemu ya kufundishia vijana wa pale kazi za hoteli. Kwa hiyo unaweza kulala ndani ya alama yenyewe. Kuta nene, dari juu, mnara, bustani, chumba kinachoangalia paa za mji na ghuba. Kwa mvuto hakuna cha kushindana nalo mkoa huu, mi sijaona.

Lakini fikiria kidogo. Ukilala ndani ya boma, boma hulioni. Unachoona ni ghuba na mji kwa chini, na kiukweli ndivyo Mjerumani alivyotaka, awe juu anawachungulia walio chini. Ukilala chini karibu na barabara na maji, unaliona boma jeupe pale juu asubuhi na jioni, na wewe uko kati ya watu, unasikia adhana karibu, unanunua vitumbua kwa mama mtaani, unasalimiwa. Upande huo wa chini Ten Degrees South ndo jina ambalo wageni wamelizoea kwa miaka mingi, jina limetokana na latitudo yenyewe maana Mikindani iko nyuzi kumi na kidogo kusini mwa ikweta. Zote mbili, boma na hiyo, piga simu kwanza uhakikishe wanapokea wageni kipindi unachokuja, hizi ni sehemu ndogo, kuna vipindi zinafunga kwa ukarabati au mwenyewe kasafiri na ukurasa wa mtandaoni unaendelea kuonyesha nafasi zipo.

Kama hela inaruhusu siku moja tu ya anasa, mi ningegawanya: usiku wa kwanza chini, uuone mji, uzoee njia, usiku wa pili juu. Ukianza juu ukishuka chini utakuwa unalinganisha tu vitanda.

Na kama bajeti haifiki huko, kuna gesti za kawaida. Usizidharau. Gesti yenye uwani, mwembe katikati, viti vya plastiki na mama mwenye nyumba anayekaa hapo hapo ina sura yake kuliko hoteli yenye picha ya mnara wa Eiffel ukutani. Unachoangalia ni vitu vichache: nyumba imejengwa lini na kwa nini, je ilikuwa nyumba ya mtu au duka au ghala, nani anaishi hapo, madirisha yanaangalia wapi. Nyumba ikiwa na majibu ya hayo ina mvuto. Ikiwa jibu ni "tumejenga juzi kwa ajili ya wageni", chukua kama ni safi na rahisi, ila usilipie hela ya mvuto.

Hatua ya tano: kusoma picha na maoni

Picha za hoteli zinadanganya kwa njia zinazojulikana. Chumba kimepigwa kutoka kona ya juu na lenzi pana, kitanda kinaonekana uwanja wa mpira. Tafuta picha za wageni wenyewe, zile za giza giza zisizopangwa, angalia dari kama kuna doa la maji, angalia chini ya kitasa cha bafuni, angalia soketi. Angalia tarehe pia, maoni ya miaka mitano nyuma kwa sehemu ya kizamani ni kama ya hoteli nyingine kabisa, meneja akibadilika kila kitu kinabadilika.

Alafu soma malalamiko kwa akili. Mtu akiandika "asubuhi mapema kuna kelele za msikiti na majogoo" huyo amekupa sifa sio kasoro, umejua uko mjini kweli. Akiandika "umeme ulikatika na hakuna jenereta", "maji yalikuwa yanatoka nusu saa", "nilikuta chumba changu kapewa mtu mwingine", hizo ndo za kuchukulia siriazi. Akiandika "hakuna tivii" pita tu. Na akiandika "wahudumu wazito" pima mwenyewe, Kusini hatuna haraka za Kariakoo, chakula kinapikwa ukishaagiza.

Hatua ya sita: piga simu, usitegemee aplikesheni

Hii ndo hatua ndefu na ndo inayookoa hela. Aplikesheni za buking zinafanya kazi Zanzibar, huku kwetu nafasi inaweza kuonekana ipo na haipo, au haionekani na ipo. Ukipiga simu ongea na mtu wa mapokezi kistaarabu, salamu kwanza, sio unadaka simu "bei gani?". Sauti ikiwa ya mtu mzima toa shikamoo, utashangaa jinsi maelezo yanavyoongezeka. Ukituma meseji ya WhatsApp andika kila kitu kwa mkupuo, kitu kama hiki:

"Habari za leo dada, naitwa fulani natokea Dodoma. Naomba chumba cha watu wawili kuanzia Ijumaa tarehe kadhaa mpaka Jumapili. Naomba kujua bei kwa mkazi, na kama chai ya asubuhi ipo ndani ya bei. Chumba kinaangalia bahari au uwani? Kiko chini au ghorofani? Umeme ukikatika mnafanyaje? Naomba pia video fupi ya chumba chenyewe, sio cha mfano. Asante dada, nasubiri."

Hiyo video ya chumba chenyewe ndo silaha. Anayekutumia ndani ya saa moja ana chumba na anajali. Anayekutumia picha zile zile za mtandaoni, omba tena mara moja, akizunguka achana naye.

Sasa maswali yenyewe kwa nini. Bei ya mkazi uulize wazi kwa sababu sehemu zinazopokea wazungu mara nyingi zina bei mbili, na ya kwenye mtandao ni ile ya dola. Umeme, hapa mtu wa Mtwara anacheka kidogo, gesi ya Mnazi Bay inapita kwenye bomba mpaka Dar na sisi tunaulizana kama kuna jenereta, lakini ndo hivo, uliza, na uliza kama jenereta linabeba feni na eisii au taa tu. Maji, uliza kama wana simtanki. Neti, uliza na ukifika ikague matundu, karibu na mikoko mbu wapo na malaria ipo, hili sio la utani.

Kuhusu upepo nakaa kidogo maana nyumba za zamani zilijengwa kwa upepo, sio kwa eisii. Kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba unavuma kusi, hali ya hewa nzuri, Juni mpaka Agosti usiku unaweza hata kutafuta shuka la pili. Novemba mpaka Machi ni kaskazi, joto na unyevu. Chumba kinachopata hewa mwezi wa saba kinaweza kuwa tanuri mwezi wa kwanza. Kwa hiyo uliza "mwezi huu chumba gani kinapata upepo?" na mtu anayeishi pale atakujibu bila kufikiri, akikujibu "vyote vizuri tu" basi hajui au hajali. Omba chumba chenye madirisha pande mbili. Kuta za matumbawe zikiwa nene ndani panakaa poa mchana, ila msimu wa mvua zinanyonya unyevu, harufu ya ukungu kidogo na chokaa inayomeguka ni kawaida ya nyumba ya umri ule, shuka bichi na godoro lenye harufu sio kawaida, hapo badilisha chumba.

Chakula, uliza mapema. Sehemu ndogo hawapiki bila oda, mpishi lazima aende kwa wavuvi kwanza. Agiza asubuhi pweza au samaki wa jioni, na uliza kama wanaweza kukutafutia ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha ambayo wageni wa bara hawaijui, kama ni msimu wake mtu atakuletea. Hoteli inayokupa ming'oko na chai asubuhi badala ya soseji na maharage ya kopo hiyo ndo yenye mvuto mnaoutafuta.

Hela sasa. Usitume yote. Advansi ya usiku mmoja inatosha, tuma kwenye lipa namba yenye jina la biashara, jina likija la mtu binafsi muulize kabla hujaweka namba ya siri. Omba wakutumie ujumbe wa kuthibitisha wenye tarehe, chumba na bei, na uuhifadhi.

Hatua ya saba: tarehe za kuogopa

Msimu wa korosho. Oktoba mpaka Desemba huku ndo hela inazunguka, wanunuzi, watu wa maghala, madereva wa malori, watu wa vyama vya ushirika, lodge za mjini zinajaa na bei inapanda, na hata Mikindani wanafurika waliokosa mjini. Kama hujabuku mapema usije kichwa kichwa.

Mvua huku ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, sio mara mbili kama kaskazini. Barabara ya Dar ikipata mafuriko unaweza kukwama, Mei 2024 kipindi cha kimbunga Hidaya ilikatika upande wa Kilwa na watu wakalala njiani. Ukija miezi hiyo acha siku moja ya akiba na usilipe hoteli isiyorudisha hela.

Likizo za shule kuna jando na unyago mitaani. Ngoma zinapigwa mpaka asubuhi. Kama uko karibu na uwanja wenye sherehe hulali, ila pia umepata kitu ambacho hakipo kwenye kipeperushi chochote cha utalii, chagua mwenyewe. Usipige picha bila kuomba, na mambo ya ndani ya unyago hayakuhusu.

Ramadhani Mikindani mchana mahoteli ya chakula yanafunga, wewe kama hufungi panga na lodge yako kula ndani, na futari ya jioni ukikaribishwa usikatae. Nguo za heshima mwezi wowote, kutoka ufukweni na taulo kukatiza mitaa sio vizuri.

Hatua ya nane: kufika

Ukitokea Dar au Lindi kwa basi, kumbuka barabara inapita Mikindani kabla ya kufika Mtwara. Wageni wengi wanapitilizwa mpaka stendi alafu wanakodi bajaji kurudi walikotoka. Mwambie konda tangu mnakata tiketi, mkumbushe mkipita Mingoyo, baada ya Lindi, mkiona ghuba upande wa barabara jiandae. Ukija na ndege uwanja uko Mtwara, uliza hoteli yako kama wanakuja kupokea na kwa bei gani, alafu linganisha na teksi. Daladala za Mtwara-Mikindani zipo mchana, bajaji na boda muda wowote kwa kuelewana bei kabla hujapanda.

Hatua ya tisa: ukifika, kagua kabla ya kuandika daftari

Kuna lile daftari la wageni, jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho. Kabla hujaandika omba kuona chumba. Washa bomba, flashi choo, washa feni spidi zote maana zingine zinapiga kelele sana, funga mlango kwa ndani, fungua dirisha uone linaangalia nini, lala kitandani dakika moja. Kama sio chumba cha kwenye video sema hapo hapo kwa upole, "dada hiki sio kile tulichoongea", mara nyingi kile kipo, kimewekwa akiba tu. Uliza saa ya kutoka, sehemu nyingi ni saa nne asubuhi, na kama basi lako ni la mchana omba kuacha mizigo mapokezi.

Uliza pia nani wa kukutembeza. Sio lazima mwongoza watalii mwenye beji, kijana wa pale anayeijua mitaa anatosha, mkubaliane hela kabla, na mzee yeyote mkikuta anakaa barazani salamu kwanza kamera baadaye.

Kama alama yako sio Mikindani bali Kilwa

Wengi mnachanganya safari hizi mbili kwa hiyo niseme kidogo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia urithi wa dunia mwaka 1981, yako visiwani mkoa wa Lindi, na watu wanalala Kilwa Masoko ng'ambo. Kanuni ya saa ni ile ile ila hapa anayeamua ni boti na kibali, kibali unachukua Masoko kwanza ndo unavuka. Kwa hiyo lala karibu na jeti au ufukwe wa Jimbizi ili uvuke asubuhi na mapema, uzunguke Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa kabla jua halijachachamaa, maana kutoka msikitini mpaka Husuni ni mwendo wa miguu na kivuli kichache. Lodge nzuri ya Masoko ni ile itakayokupangia boti na kibali jioni ya kabla. Mwenye kupenda mji mkongwe wenye watu zaidi ya magofu atenge nusu siku ya Kilwa Kivinje, pale ndo pana nyumba za karne ya 19 na ule mwembe walionyongewa watu waliowapinga Wajerumani.

Lindi mjini lala kama unapita tu na umechoka, ghuba yake nzuri, ukivuka kwa boti mpaka Kitunda jioni ni raha.

Siku ya kuondoka Mikindani

Mabasi ya Dar yanatoka Mtwara alfajiri na yanapita Mikindani barabarani. Huna haja ya kwenda stendi. Kata tiketi siku moja kabla, waambie ofisini unapandia Mikindani, chukua namba ya konda, na mwombe mlinzi wa lodge akuamshe, wengi wao ni watu wazima na hawalali. Simama upande sahihi wa barabara, washa tochi ya simu basi likikaribia, na uwe umeshalipa bili yote jana yake usiku kwa sababu saa kumi na moja alfajiri hakuna mtu wa mapokezi mwenye chenji.